Kakosa Tarehe ya Kliniki: Ujeuri, Ugonjwa au Nauli?

Mtaani Ngamiani, mtu aliyewahi kuugua akili akianza tena kuongea peke yake, hukumu hutoka siku hiyohiyo. "Si kaacha dawa huyo." Wa pili ataongeza kuwa ndugu zake wamemtupa. Wa tatu, kwa kuwa tuko Tanga, atataja jini, na ataapa kwamba hata aliyelituma anamjua. Ukiwauliza tarehe yake ya kliniki ilikuwa lini, kadi ilikuwa kwa nani, na kitu gani kilimzuia asifike siku hiyo, wote watakutazama tu. Na hapo hasa ndipo penye habari.

Tuanze na maneno, maana mengi huchanganywa. Mgonjwa wa nje ni yule anayetibiwa huku anaishi kwake: anafika hospitali, anaonwa, anapewa dawa, anarudi nyumbani. Wagonjwa wengi wa akili ni wa namna hiyo, na hata anayelazwa, akitulia huruhusiwa akawa mgonjwa wa nje. Kliniki ni siku ya marudio. Mara nyingi mtu hupewa dawa za wiki nne hivi na tarehe ya kurudi, ikaandikwa kwenye kadi au daftari lake.

Na tukisema ugonjwa wa akili, hatumsemi yule wa kuokota makopo peke yake. Kwenye benchi moja la kliniki utamkuta mwenye skizofrenia, ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii na kushikilia imani ambazo huwezi kumtoa. Pembeni yake yupo mwenye sonona, ambaye moyo umezama wiki nyingi na hana hamu hata ya chakula. Yupo mwenye wasiwasi uliopita kiasi. Yupo wa kupanda na kushuka, ambaye mwezi huu anataka kununua mji mzima na miezi michache baadaye hawezi kutoka kitandani. Yupo na mwenye kifafa, kwani kifafa, ingawa ni ugonjwa wa ubongo, kwetu mara nyingi hutibiwa kliniki hiyohiyo.

Sasa kuna mambo matatu ambayo mtaa huyaita jina moja. Kukosa tarehe ni kutofika siku iliyoandikwa. Mtu anaweza kukosa Jumatano akaja Ijumaa, au akamtuma dada yake achukue dawa. Kuacha dawa ni kutozimeza, na huyu anaweza asikose tarehe hata moja: anafika mapema, anachukua vidonge, anakwenda kuvirundika chini ya godoro. Kupotea ni pale miezi inapopita, namba ya simu haipatikani, na jina linabaki kwenye rejesta. Huyu ndiye anayeitwa mtoro. Nyumba nyingi hugombana kwa sababu baba anazungumzia kuacha dawa na mama anajibu habari ya kukosa tarehe, kila mmoja akidhani mwenzake anatetea uongo.

Anayekosa ndiye mgonjwa zaidi

Jambo hili halikuanzia kwetu, wala umaskini peke yake haulielezi. Uingereza, ambako mtu halipii kumwona daktari na tarehe humfikia kwa barua, mapitio ya kitaalamu yaliyochapishwa 2007 yalikadiria kwamba wagonjwa wa nje wa akili hukosa karibu miadi 1 kati ya kila 5, takriban mara mbili ya wagonjwa wa idara nyingine. Shirika la Afya Duniani nalo liliandika 2003 kuwa hata katika nchi tajiri ni kama nusu tu ya wenye magonjwa ya muda mrefu wanaofuata matibabu walivyoelekezwa, na humo wamo wa kisukari, presha na pumu. Kwa hiyo mjomba anayemsimanga mpwa wake kwa kukosa kliniki ya akili, kwanza afungue droo yake ahesabu vidonge vyake vya presha vilivyobaki.

Watafiti wa London waliochapisha matokeo yao mwaka 2000 waliwafuatilia waliofika na wasiofika. Kwa wagonjwa wa marudio, waliokosa tarehe walikuwa katika hali mbaya zaidi kuliko waliofika, na baadaye walilazwa zaidi. Sisi huwa tunawaza kinyume: asiyeonekana kliniki kapata nafuu, yuko shughulini. Kumbe aliyekaa kwenye benchi na kadi yake mkononi, anasubiri zamu kwa ustaarabu, ndiye mara nyingi mwenye nafuu. Anayehitaji kuonwa haraka yuko chumbani, kajifunika shuka, au yuko njiani hajui anakwenda wapi.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kiti kilichobaki kitupu kliniki ni taarifa ya kitabibu, na inapaswa kufuatiliwa siku hiyohiyo kwa simu au kwa mtu wa kumfikia nyumbani. Kusubiri mpaka mgonjwa aletwe amefungwa kamba ni kuisoma taarifa ile miezi miwili baadaye.

Mbona haumwi siku hiyohiyo?

Kinachowapotosha wengi ni kwamba mtu akikosa dawa, leo hapati kitu, na kesho vilevile. Wenye vyombo hapa pwani wanaijua hali hii kwa njia yao. Jahazi lisipotiwa kalafati, yaani kuzibwa mianya ya mbao zake, kwa wakati wake halizami siku hiyo. Litakwenda Pemba na kurudi, na mwenyewe ataona fedha ya kalafati ingepotea bure, mpaka bahari ichafuke. Dawa za skizofrenia na za sonona nazo zikikatika, ubongo mara nyingi huchukua muda wake kurudi ulikokuwa.

Tena wiki za mwanzo mtu anaweza kujisikia vizuri kuliko alivyokuwa. Usingizi wa mchana umekwisha, mate hayamtoki, mikono imeacha kutetemeka. Anajiambia, kumbe zile dawa ndizo zilizokuwa zikiniumiza! Ugonjwa unaporudi baada ya majuma au miezi, hakuna anayekumbuka ile Jumatano aliyokosa. Wataulizwa waliomkasirisha, atatafutwa aliyemroga. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1999, uliowafuatilia watu waliopata ugonjwa wa jamii ya skizofrenia kwa mara ya kwanza, ulionyesha kuwa aliyeacha dawa alikuwa na uwezekano wa kuugua upya karibu mara 5 ya yule aliyeendelea.

Kifafa kina tabia nyingine, chenyewe hakisubiri. Aliyezoea kumeza fenobabitali, dawa ya kifafa, akaikatisha ghafla anaweza kuanguka mfululizo ndani ya siku chache, degedege likifuata degedege bila fahamu kurudi katikati. Hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, na inaua.

Hapa niingize swali linaloulizwa kila baraza: je, ukishaanza dawa hizi ndiyo basi, maisha? Hapana kwa wengi, ndiyo kwa baadhi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na daktari bingwa inasema dawa ya sonona iendelee miezi 9 hadi 12 baada ya mtu kupona. Aliyepata ukichaa wa mara ya kwanza aendelee angalau miezi 12 baada ya dalili kuisha. Wa kifafa, mazungumzo ya kuacha yanaanza akimaliza miaka 2 bila kuanguka, na anapunguziwa kidogokidogo. Wapo watakaohitaji dawa miaka mingi, kama wa kisukari. Lakini ona kitu kimoja: kila hesabu kati ya hizo inaanza baada ya mtu kupona. Miezi mingi ya kliniki ni miezi ambayo mgonjwa haumwi. Hapo ndipo tarehe inapoonekana haina kazi.

Ugonjwa unapoificha kadi

Mgonjwa wa malaria anajua anaumwa. Mwenye skizofrenia mara nyingi hajui, na kutojua huko ni sehemu ya ugonjwa. Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti mkubwa katika nchi 9, kuanzia miaka ya 1960, Nigeria ikiwemo, na dalili iliyoonekana mara nyingi kuliko zote haikuwa kusikia sauti. Ilikuwa mtu kutotambua kuwa anaumwa. Mwambie mtu wa hali hiyo, "twende kliniki," naye atakuuliza kwa dhati kabisa, "kwani naumwa nini?" Wewe unasikia kiburi. Yeye anaona unamtania, au umeungana na wanaomfuata. Kugombana naye juu ya jina la ugonjwa hakusaidii. Familia zilizofanikiwa mara nyingi hupita mlango mwingine: "Twende ukapate dawa ya kulala, maana usiku hulali." Hilo analikubali, kwa sababu kweli halali.

Mwenye sonona anajua anaumwa ila hana nguvu ya kwenda. Kwa wengi wao asubuhi ndio wakati mbaya kuliko wote; jioni hupata ahueni kidogo. Na kliniki zetu ni za asubuhi. Juu ya hilo, dawa ya sonona huchukua majuma mawili hadi manne, pengine zaidi, kabla ya kuonyesha kazi yake, ilhali kichefuchefu na mdomo kukauka vinaweza kuja mapema. Tarehe ya kwanza ya marudio inamkuta mtu katikati: maudhi kayapata, faida hajaiona, na ugonjwa wenyewe unamnong'oneza kuwa hakuna kitakachosaidia. Ningekuwa na uwezo wa kuifuatilia tarehe moja tu kwa kila mgonjwa, ningeifuatilia hiyo.

Mwenye wasiwasi anaogopa daladala iliyojaa na foleni ya dirishani. Wa kupanda na kushuka, akiwa juu, anajisikia mzima kuliko daktari. Hao wawili wanaeleweka haraka, twende mbele.

Wiki nne za hospitali na mwezi wa wavuvi

Sasa tuchukue kijana wa Sahare anayevua dagaa kwa taa. Mfano huu nimeutunga, lakini kila kilichomo ni cha kawaida pwani hii. Kijana huyu anaitambua hali yake, dawa anazitaka, mama yake anamsimamia. Bado anakosa tarehe. Kwa nini?

Dagaa hufuatwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa haivuti samaki, na vyombo vinapumzika siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu. Kwa hiyo fedha ya mwezi mzima hupatikana kwenye giza. Kijana anatoka jioni, anarudi alfajiri, kuna kushusha, kugawana, kushona nyavu zilizochanika, kisha kulala ili atoke tena. Siku kama hiyo kumwambia akae kwenye benchi toka saa mbili asubuhi mpaka saa saba ni kumwambia aache mgao wake. Akikosa mara mbili, nafasi yake chomboni inachukuliwa.

Tarehe ya kliniki inarudi kila baada ya wiki nne, yaani siku 28. Mwezi wa mbinguni una siku 29 na nusu. Tofauti ni siku moja na nusu tu. Ukimpa kijana huyu tarehe ya kwanza katikati ya giza, ya pili itaangukia gizani, ya tatu gizani, na itachukua zaidi ya nusu mwaka kabla tarehe zake hazijasogea mpaka siku za kupumzika. Kliniki itamwandika mtoro. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Kalenda mbili zimekutana vibaya, na zitaendelea kukutana vibaya mwezi hadi mwezi mpaka mtu mmoja afungue mdomo. Tarehe ya kwanza ikisogezwa wiki mbili tu, zinazofuata zinaangukia kwenye mbalamwezi kwa miezi kadhaa.

Kuna la pili, nalo ni la hatari zaidi. Dawa nyingi za ukichaa huleta usingizi, na ndiyo sababu huandikwa "kidonge usiku". Usiku wa kijana huyu ni wa kuvuta nyavu kwenye maji ya kina. Akimeza saa mbili usiku kama alivyoelekezwa, atasinzia ukingoni mwa chombo. Nani atameza? Anaruka usiku wa giza wote, anameza siku za mapumziko, halafu kliniki akiulizwa "unakunywa dawa?" anasema "ndiyo." Hajadanganya sana. Angesema kwamba kazi yake ni ya usiku, muda wa dawa ungebadilishwa ukawa asubuhi anapokwenda kulala, au angepewa sindano ya kila mwezi. Au angeambiwa ukweli mchungu kwamba kwa sasa asitoke baharini, apate kazi ya nchi kavu.

Na pepo zikigeuka, wapo wanaokwenda dago, yaani kuhamia kambi za mbali kufuata samaki, pengine miezi. Kadi inabaki kwa mama, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya kabati. Anayeihitaji yuko ng'ambo.

Nimekaa sana kwa mvuvi kwa sababu kalenda yake inahesabika. Mkata mkonge anayelipwa kwa alichokata ana shida ya jamaa hiyohiyo, mama lishe ambaye wateja wake ni wa asubuhi naye vilevile, na mkulima wa Handeni mvua za kwanza zinapodondoka huwezi kumtoa shambani.

Umbali, na kumbukumbu ya mlimani

Mkoa wa Tanga una halmashauri 11, kutoka visiwa na mikoko ya Mkinga hadi Kilindi kule ndani. Anayetoka Kilindi kuja Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, anasafiri sehemu kubwa ya siku, na mara nyingi anasafiri na msindikizaji: nauli mbili kwenda, nauli mbili kurudi, chakula, pengine malazi. Kisera, mgonjwa wa akili yumo kwenye kundi la wanaosamehewa gharama katika vituo vya serikali. Lakini msamaha haulipi basi la kwenda Kange, stendi ya mabasi ya Tanga. Na akifika akaambiwa dawa zimekwisha, akanunue duka la nje, mwezi ujao atapiga hesabu upya: hela ya safari si bora ninunue vidonge hapahapa, nikivipata?

Tuna pia historia vichwani mwetu. Lutindi, juu kwenye milima ya Usambara wilayani Korogwe, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwatunza watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Baadaye ikaja hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma. Kwa vizazi kadhaa ugonjwa wa akili kwetu ulikuwa na maana ya kupelekwa: mtu anapandishwa gari, anakwenda mbali, familia inabaki na sala. Kisha miaka ya 1950 zikaingia duniani dawa za kwanza za kutuliza ukichaa, klopromazini ikitangulia, na ikawezekana mtu atibiwe akiwa kwake. Hilo ni jema sana. Ila kazi iliyokuwa ya kuta na manesi ilihamia nyumbani, ikawa kazi ya mama mmoja mwenye kadi juu ya kabati. Bado wengi wetu tunangoja mtu "apelekwe", na hii ya kurudi kila mwezi kwa mtu anayetembea na kucheka hatuihesabu kuwa tiba.

Dawa za usingizi, jini, na benchi la nyuma

"Wanawapa dawa za usingizi tu ili wasisumbue." Zipo zinazolaza, lakini usingizi si kazi yake kuu. Haloperidoli, kwa mfano, hupunguza nguvu ya kemikali moja ya ubongo inayohusika na zile sauti na hofu. Wanaosema mtu "kawa zezeta" nao hawasemi ovyo: shingo kukaza na kupinda, miguu isiyotulia, ulimi mzito, kunenepa, hedhi kukatika, nguvu za kiume kupungua, vyote hivyo vinaweza kusababishwa na dawa. Mengi yana tiba, ama kwa kupunguza kipimo, ama kubadili dawa, ama kuongeza kidonge cha kutuliza maudhi hayo. Kijana aliyeoa juzi hatasema mbele ya mama yake mzazi kwamba dawa zimemmaliza chumbani. Ataacha tu kuja. Daktari asipomtoa mama nje dakika tano, hatalijua hilo kamwe.

Kuhusu jini. Sehemu kubwa ya familia hapa huanzia kwa shekhe, kwa mchungaji au kwa mganga, na sioni faida ya kuwatukana. Dua haigongani na kidonge. Kinachogongana nacho ni agizo la "wakati nakutibu, vya hospitali uache," na mtu anayetoa agizo hilo, au anayemfunga mgonjwa minyororo, amevuka mpaka wa kazi yake. Ramadhani huleta mkanganyiko wa aina yake: wengine hukatisha dawa mwezi mzima kwa ajili ya funga. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Anayeweza kufunga, dawa nyingi zinaweza kupangwa futari na daku, ila muda huo apange aliyeziandika, na aulizwe kabla mwezi haujaandama.

Aibu nayo ipo. Msichana ambaye posa yake iko mezani hatakaa kwenye benchi ambalo kila apitaye anajua ni la nini. Hilo la benchi lingerekebishwa kwa kuhamisha tu dawati.

Nayo kliniki ijitazame. Mtu kaamka saa kumi usiku, kafika, kasubiri mpaka mchana, kaingia ndani kaulizwa "unaendeleaje?", kabla hajamaliza kujibu kaandikiwa "endelea na dawa". Hana alichokipata ambacho asingekipata kwa kumtuma mdogo wake. Kibaya kuliko vyote ni ile salamu ya aliyechelewa: "Ulikuwa wapi wewe? Si tulikwambia tarehe 4?" Kauli hiyo, mbele ya watu 30, inamfundisha kwamba ukikosa mara moja ni heri usirudi. Nasema hivi nikijua nesi huyo yuko peke yake na foleni haiishi. Hata hivyo, "karibu, umefanya vizuri kuja" haichukui sekunde nyingi zaidi.

Ujumbe wa simu unafika kwa nani?

Kumkumbusha mtu kwa simu au ujumbe mfupi siku moja au mbili kabla husaidia. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kuwa mahudhurio hupanda. Kusahau ni sababu ya kweli, hasa kwa ugonjwa unaoshambulia kumbukumbu na mpangilio wa siku. Lakini huku kwetu namba iliyo kwenye kadi huenda ni ya shemeji, laini imeshabadilishwa, au simu ni ya nyumba nzima. Ndiyo maana ujumbe usiandike "kliniki ya akili" wala jina la dawa. "Unakumbushwa tarehe yako ya Jumatano" inatosha. Na ziandikwe namba mbili, ya pili iwe ya mtu aliyechaguliwa na mgonjwa mwenyewe.

Sindano za muda mrefu, kama flufenazini inayochomwa kila baada ya wiki mbili hadi nne hivi, hazimponyi mtu zaidi kwa sababu ni sindano. Faida yake ni kwamba asipofika, kliniki inajua siku hiyohiyo kuwa dawa imekosekana. Vidonge vikiachwa chini ya godoro hakuna anayejua.

Tarehe imeshapita, sasa?

Nenda. Usingoje mwezi ujao "ili tarehe zilingane", wala usitunge msiba. Kama vidonge vimekatika siku kadhaa, usimeze mara mbili ili kufidia, na usirudie kipimo cha zamani bila kuuliza, kwa kuwa baadhi ya dawa zikikatika huanzishwa upya kidogokidogo. Kituo cha afya cha karibu au hospitali ya wilaya inaweza kukupa za kuvukia mpaka ufike mbali. Muheza, Pangani na Korogwe zina hospitali zake, si lazima kila mtu aje mjini.

Kuna hali ambazo hazijali tarehe kabisa: mtu hajalala usiku kadhaa mfululizo, amekataa kula akidai chakula kina sumu, anazungumzia kufa au kuaga watu, anatishia walio karibu, au anaanguka kifafa mfululizo. Huyo anapelekwa dharura, hata kama kliniki ni ya Jumatano na leo ni Jumapili.

Vipi ndugu kuchukua dawa kwa niaba yake? Ni bora kuliko kukosa, na mara moja moja haina ubaya. Shida ni pale miezi sita inapopita daktari anamwandikia dawa mtu asiyemwona, kwa maelezo ya dada mtu ambaye naye anaishi nyumba nyingine. Akija dada, alete mambo ya kueleza: analala saa ngapi, anakula, anaoga, anaongea na nani, vidonge vilivyobaki ni vingapi. Avilete vyenyewe kwenye kifuko chake, vihesabiwe pale dirishani. Na kabla tarehe mpya haijaandikwa kwenye kadi, aseme wazi ndugu yake anafanya kazi gani na siku zipi hatoki.